Nyumba ya marehemu baba Mwembetanga: tuvunje tujenge upya, au tuitengeneze?

BintiMwembetanga:
Assalamu alaykum ndugu zangu. Naomba ushauri kwa wanaojua ujenzi na kwa waliopitia haya majumbani mwao. Ni marefu kidogo, mnivumilie.

Marehemu baba katuachia nyumba Mwembetanga, hapa Unguja mjini. Ya mbele ni ya mawe na chokaa: ukumbi, vyumba vinne, baraza nje, dari ya boriti na juu yake bati. Nyuma ni uwani, na upande mmoja wa ua kuna mabanda ya udongo na fito: jiko, stoo na vyumba viwili ambavyo zamani vilikuwa vya kupangisha. Mama bado anaishi humo na mdogo wangu wa mwisho. Tumo watoto watano, wanaume wawili na wanawake watatu.

Hali yenyewe ni hii. Chumba cha mama lipu inamenyuka kuanzia chini hadi usawa wa kiuno, na ukipitisha mkono unatoka na unga mweupe wa chumvi. Tuliwahi kuipiga saruji, ikamenyuka tena, safari hii pamoja na vipande vya jiwe. Kona ya dirisha la ukumbini kuna ufa unaopanda mshazari hadi darini. Boriti mbili za chumba cha katikati zimelegea, mtu akipanda darini kuchukua kitu, waliopo chini wanamwagikiwa vumbi. Mabanda ya nyuma ndiyo hayasemeki, masika iliyopita ukuta mmoja ulilala.

Kaka yetu mkubwa yuko Maskati. Anasema pesa atatoa yeye, ivunjwe yote, ijengwe ya tofali, chini na juu. Chini akae mama, juu tupangishe. Mama hataki hata kulisikia neno hilo. Fundi mmoja aliyekuja kuangalia alikaa robo saa akasema nyumba hii haina maisha, vunjeni. Wa pili kasema tupige saruji tu na tubadilishe bati. Tumsikilize nani?

MtaaWaKikwajuni:
Waalaykum salaam dada. Mimi nasema vunjeni, na nina sababu. Nyumba kuukuu inakula pesa kimya kimya: leo bati, kesho boriti, keshokutwa karo la choo. Ukija kujumlisha, ungeshajenga. Pili, kiwanja cha Mwembetanga, Darajani unakwenda kwa miguu, si mahali pa kukaa na chumba nne na ua. Watoto watano na wajukuu juu, ardhi haiongezeki, lazima mwende juu. Serikali yenyewe ilipojenga majumba ya Michenzani ilivunja nyumba nyingi za Ng'ambo, mitaa hii yetu ya nje ya Mji Mkongwe, na watu wakapata pa kukaa. Kaka yako kapata uwezo na moyo wa kutoa, msimkatishe tamaa.

FundiChokaa:
Waalaykum salaam. Dada, mafundi wote wawili wamekujibu kabla hawajaikagua nyumba. Robo saa haitoshi hata kusogeza makabati ukutani. Mimi kazi yangu ni nyumba za chokaa, Mji Mkongwe na Ng'ambo, nimerithi kwa mzee wangu. Sikuambii usivunje. Nakuambia kuna vitu vinne vya kuangalia, na baada ya hapo nyumba yenyewe itajieleza.

Nianze na chumvi, maana ndiyo inayowatisha watu bure. Jiwe letu la matumbawe lina vitundu, linanyonya maji ya ardhini. Kuta za zamani hazina kizuizi cha unyevu msingini na wazee hawakukihitaji: maji yanapanda kidogo, yanatokea kupitia chokaa, upepo unayakausha. Ukipiga saruji umeyazibia njia. Yanapanda juu zaidi kutafuta pa kutokea, chumvi inaganda nyuma ya saruji, inavimba, inasukuma. Ndiyo maana safari ya pili mmeona vipande vya jiwe. Saruji ni ngumu kuliko jiwe lenyewe, ikibanduka inaondoka nalo. Kwa hiyo ukuta wa mama hauumwi, iliyoumwa ni ile lipu. Bandueni saruji yote ya pale, mpite kidogo juu ya alama ya unyevu, mswaki wa waya uondoe chumvi, kisha uachwe wazi ukauke kwa miezi. Baadaye ndiyo lipu ya chokaa, sehemu moja ya chokaa kwa tatu za mchanga usio na chumvi. Fundi atakayesema tutie na saruji kidogo ikamate haraka, usimpe kazi hiyo.

Sasa ufa. Mshazari kwenye kona ya dirisha mara nyingi unaonyesha msingi umeshuka upande mmoja. Upana wake haunishughulishi sana, nataka kujua kama bado unatembea. Chukua vipande viwili vyembamba vya kioo, vibandike kwa jasi vikikatisha ufa, kimoja chini kimoja juu, uandike tarehe ukutani kwa penseli. Kioo hakivutiki, ufa ukisogea hata kidogo kinakatika. Acha masika ipite juu yake. Na wakati huo huo toka nje uangalie usawa wa ufa ule: kuna karo karibu? Bomba linavuja? Mfereji wa bati unamwaga pale pale chini? Nyumba nyingi nilizoitwa kuzivunja zilikuwa zinataka mfereji.

La tatu, timazi, ule uzi wenye kitu kizito mwishoni wa kupimia unyoofu. Iteremshe kutoka juu ya ukuta. Ukuta wa mawe unajengwa kwa nyuso mbili, ya ndani na ya nje, katikati mawe madogo na chokaa. Maji yakiingia juu kwa miaka, nyuso zinaachana na ukuta unatoa tumbo. Ukigonga kwa mpini wa nyundo unasikia uwazi. Hapo ndipo mimi mwenyewe naogopa, na kipande hicho nitakuambia kishushwe kijengwe tena. Lakini ukuta wa nusu mita ulionyooka, mkavu kichwani, hauna kosa lolote la kuvunjiwa.

La nne, boriti. Boriti huoza kichwani, pale inapoingia ukutani, hasa upande unaopigwa na mvua. Katikati inaweza kuwa nzima kabisa. Chukua bisibisi uichome sentimita chache kutoka ukutani. Ikigota, boriti hai. Ikizama, imekwisha. Na boriti kwisha si nyumba kwisha, ni kama tairi na gari. Vyumba vyetu vya zamani vina upana wa kama mita 3 kwa sababu boriti ya mkoko hapo ndipo inapofika, na waliojenga walijua siku moja itatolewa iingie nyingine. Siku hizi mikoko haikatwi ovyo, kwa hiyo wengi tunatumia mivinje au mbao zilizotiwa dawa ya mchwa.

Moja la kukuomba sana: msikubali kumwagiwa zege juu ya dari kuukuu eti iwe imara. Zege la sentimita 10 lina kilo kama 240 kwa kila mita ya mraba. Chumba cha mita 3 kwa 4, hizo ni karibu tani 3 juu ya kichwa cha mama yako, zimekaa juu ya boriti ambazo vichwa vyake hakuna aliyevipima.

MtaaWaKikwajuni:
Fundi, nakuheshimu, lakini sema na upande wa pili. Mafundi wa chokaa wako wangapi leo? Na kazi yenyewe inachukua muda gani? Watu wana shughuli zao.

FundiChokaa:
Ni wachache, sikatai. Vijana wengi wamejifunza tofali na saruji tu, na mtu akija na chokaa ya mfuko akaichanganya asubuhi akapiga mchana, kesho yake inapukutika, halafu lawama zinaipata chokaa. Chokaa inataka kulala majini, wiki kadhaa si siku, na ikishapigwa inakomaa polepole kwa kuvuta hewa. Inapigwa kwa mikono miwili mitatu myembamba, kila mmoja unafunikwa na kurushiwa maji usikaushwe na jua. Mwenye haraka haimfai. Lakini huyu dada hana haraka, ana mama ndani ya nyumba, na kazi ya chumba kimoja kimoja inamruhusu mama abaki kwake. Ukivunja, mama anatoka siku ya kwanza.

MpembaWaWete:
Assalamu alaykum. Mimi nichangie upande wa waliovunja. Nyumba yetu Wete ilikuwa ya miti na udongo. Nguzo zilizoingia ardhini zililiwa na mchwa, tulipochimba pembeni tukakuta juu kuna mti na chini hakuna kitu. Ukibadilisha nguzo hii, ukuta ule unafuata. Hapo hakuna cha kutengeneza, tukavunja, tukajenga ya tofali, na tumefurahi nayo. Kwa hiyo dada, kwa hayo mabanda yenu ya uwani wala usipoteze usingizi.

Ila jueni kinachokula pesa. Watu wanapiga hesabu ya tofali, saruji, nondo na bati, wanasahau mengine. Kifusi cha nyumba ya zamani ni kingi kuliko mnavyodhani, na kama gari haliingii uchochoroni kinatoka kwa mikokoteni, safari kwa safari, kila safari ina bei yake. Kodi ya mahali mtakapokaa wakati wa ujenzi, na ujenzi unaosubiri pesa ya mtu aliye nje hausimami kwa ratiba. Kuna mchanga pia. Kwetu visiwani mchanga hauchimbwi popote, una utaratibu wake na bei yake, na hapo ndipo mjanja mmoja atakuletea wa pwani usiku kwa bei nafuu. Usiupokee. Chumvi ya mchanga ule inakula nondo ndani ya zege, nondo ikishika kutu inavimba, jamvi, yaani sakafu ya zege ya ghorofa, linapasuka kutoka chini. Nimeyaona majumba mapya ya namna hiyo, vipande vinadondoka darini hata watoto wa kwanza kuzaliwa humo hawajaanza skuli.

Na joto. Nyumba ya marehemu bibi yangu ilikuwa ya mawe, Chake Chake, mchana wa kaskazi unaingia ndani unasahau kama kuna jua. Tofali la inchi 6 chini ya bati halikupi hiyo. Sisi tumepandisha kuta juu na tumeacha matundu ya hewa chini ya bati, imesaidia, lakini feni haizimwi.

Vikokotoni:
Salaam. Nimesoma wote mnazungumza mawe na boriti, hakuna aliyeuliza nyumba ni ya nani. Dada, mirathi imegawiwa?

Kama baba kafariki akaacha mke na watoto watano kama ulivyosema, na hakuna mrithi mwengine kama wazazi wake au mke mwengine, hesabu ya sheria ni nyepesi sana. Mama thumuni, yaani fungu 1 kati ya 8. Yanabaki 7, mwanamme mara mbili ya mwanamke: kaka wawili fungu 2 kila mmoja, dada watatu fungu 1 kila mmoja. Jumla 8 kamili. Maana yake kaka wa Maskati ana robo. Robo haivunji nyumba nzima, hata kama pesa yote inatoka mfukoni mwake. Na mama humo si mgeni anayetafutiwa pa kukaa, ana fungu lake sawa na lako.

Sisemi haya kumchongea kaka. Nasema kwa sababu nimeona familia zikifika mahakamani baada ya ghorofa kusimama. Akijenga juu kwa pesa yake, hiyo ghorofa ni yake au ya warithi wote? Alichotoa ni hiba kwa familia, ni deni watakalomlipa kwa kodi za wapangaji, au ananunua mafungu ya wenziwe? Kila moja lina hukumu yake. Yaandikwe leo mnapopendana, kila mrithi atie saini, na mashahidi. Mirathi pelekeni Kamisheni ya Wakf na Mali ya Amana, kazi yao hiyo. Angalieni pia karatasi za kiwanja ziko kwa jina la nani. Ardhi yote Zanzibar ni ya Serikali, mnachoshika nyinyi ni haki ya kuitumia, na nyumba nyingi za Ng'ambo karatasi bado zina jina la babu. Kibali cha ujenzi kitakwama hapo.

Jambo jengine kuhusu kibali. Mngekuwa ndani ya Mji Mkongwe mjadala huu usingekuwepo. Mji ule tokea 2000 umo katika Urithi wa Dunia wa UNESCO, na huko hata dirisha hulibadilishi bila Mamlaka ya Mji Mkongwe. Mwembetanga mna uhuru zaidi, lakini mkishavunja mnahesabika mnajenga nyumba mpya, na nyumba mpya inaweza kutakiwa irudi nyuma kuachia njia. Baraza lenu la nje huenda likawa la kwanza kuondoka. Anzeni kwa sheha, kiongozi wenu wa mtaa, mwende manispaa na mipango miji mkaulize kabla hamjachora ramani, msije mkalipia ramani ya kiwanja ambacho nusu mita yake ni barabara.

NikoMaskati:
Mimi niko huku huku kwa kaka yako, na nimetuma pesa za ujenzi nyumbani. Dada, kaka yako usimuone mbaya. Mtu akiwa mbali, nyumba mpya anaiona kwa macho, anatumiwa picha ya msingi, ya linta, ya bati, anajua jasho lake limekwenda wapi. Matengenezo hayapigiki picha. Umetumia pesa nyingi, ukuta ni ule ule. Basi mtafutieni njia aone. Fundi aandike kazi kwa hatua, kila hatua na gharama yake, picha kabla na baada, na pesa iingie kwa hatua. Akiona boriti iliyooza imelala uwani na mpya imo darini, ataelewa.

BintiMwembetanga:
Ndugu zangu, Allah awalipe kheri. Sikuwajibu muda mrefu kwa sababu nilikuwa nafanya mliyoniambia. Masika imepita.

Vioo vyote viwili vizima. Na fundi alisema kweli kuhusu nje: mfereji wa bati ulikuwa umetoboka usawa ule ule wa ufa, maji yote ya upande ule wa paa yalikuwa yanatua chini ya dirisha, udongo umechimbika hadi jiwe la msingi linaonekana. Tumebadilisha mfereji na kuyapeleka maji mbali kabla ya mvua kubwa.

Timazi tumeishusha kuta zote za mbele na fundi wa tatu, mzee mmoja aliyekaa nasi asubuhi nzima. Tatu zimenyooka. Ukuta wa upande wa uwani umetoa tumbo, na ukigonga unaitika utupu, kipande cha kama mita mbili. Bisibisi nimechoma mwenyewe: chumba cha katikati boriti nne zimezama, mbili ni zile zilizolegea na mbili zilionekana nzima kabisa kwa macho. Vyumba vyengine zimegota zote.

Kuhusu mirathi tulikuwa hatujagawa, na karatasi kweli zina jina la babu. Kaka alipoona hesabu ya mafungu alinyamaza siku mbili, kisha akapiga simu akaongea na mama, si na mimi. Waliyozungumza ni yao. Lakini wamekubaliana: mbele haivunjwi. Mabanda ya uwani yanavunjwa yote, na pale kaka atajenga ya tofali, chini na juu, msingi wake mbali na ukuta wa zamani. Warithi wote tutaandikiana kwamba lile la nyuma ni lake, na thamani ya kiwanja cha pale inakatwa kwenye fungu lake. Mambo ya karatasi tumeyaanza.

Fundi, swali moja limebaki. Tuanze na lipi, mbele au nyuma? Kaka anataka nyuma kwanza.

MtaaWaKikwajuni:
Hapo nimekubali, dada. Mmepata nyumba ya kupangisha na mama hakuhama. Mimi niliona kiwanja tu, sikuuliza ukuta.

FundiChokaa:
Alhamdulillah. Anzeni mbele, na ndani ya mbele anzeni na huo ukuta wenye tumbo, kabla nyuma hakujachimbwa shimo lolote. Mkichimba msingi mpya karibu na ukuta ambao nyuso zake zimeachana, udongo ukilegea ule ukuta utakuja, na boriti zinazoulalia zitaufuata. Kwanza zitegemezwe boriti zote za upande ule kwa nguzo kutoka sakafuni, mbao chini na mbao juu, zikazwe kabari. Hakuna jiwe linaloguswa kabla ya hapo, hata fundi akisema ana uzoefu. Beit al-Ajaib ya tokea 1883, ile ya Sultani pale Forodhani, iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020 ikiwa katikati ya matengenezo, na watu wawili wakafa. Mama na mdogo wako wasilale upande huo mpaka ukuta ufungwe.

Ukuta ushushwe kwa vipande vya mita moja, si wote kwa pamoja, na ujengwe kwa chokaa na mawe yale yale mtakayoyatoa. Yapangwe uwani, yasichanganywe na kifusi cha mabanda. Kila baada ya hatua moja liingie jiwe refu linalokamata nyuso zote mbili, ndilo litakalozuia tumbo lisirudi. Boriti nne za katikati zibadilishwe wakati huo huo, maana nguzo tayari zipo. Vichwa vyake vipakwe dawa na viachiwe nafasi ndogo ya hewa ukutani, visibanwe na chokaa pande zote.

Chokaa ilazweni majini sasa hivi, pipa lifunikwe. Mkiianza kazi mwezi wa sita mna kusi yote mbele yenu, upepo mkavu, na ukuta utakuwa umekomaa kabla ya vuli. Saruji ya chumba cha mama ibanduliwe wiki hii, isisubiri kitu. Na mlango wa mbele, kama ni ule wa mfenesi ninaoujua mimi kwa nyumba za Mwembetanga, utoeni na fremu yake muuhifadhi ndani kwa kufuli wakati kazi inaendelea. Wanunuzi wa milango hupita kila penye vumbi la ujenzi, na vibarua huwa hawajui wanachouza.